Anzia mkiani: namna ya kulikata na kulitamka neno refu la Kiingereza

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza Tanzania anakutana na *photosynthesis*, *classification* na *respiration* karibu kwa mpigo mmoja. Maana anaielewa, kwa kuwa usanisinuru alishausoma. Ulimi ndio unaokwama. Na si yeye peke yake. Msoma habari, mhasibu anayewasilisha ripoti, nesi anayesoma faili la mgonjwa, wakili mbele ya hakimu: wote hufika mahali ambapo neno la silabi saba limekaa katikati ya sentensi, watu wanasikiliza, na kamusi iko nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekijua Kiswahili vizuri. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu maelezo mengi ya matamshi ya Kiingereza huandikwa kana kwamba msomaji anaanzia sifuri. Sisi hatuanzii sifuri. Anayeweza kulipasua neno “hatukuwaandikia” kuwa ha-tu-ku-wa-andik-i-a, akaeleza kila kipande kinafanya kazi gani, tayari anayo nusu ya ujuzi unaotakiwa. Viambishi tumevizoea tangu utotoni. Nusu ya pili ni mkazo, na hapo ndipo tunapoteleza.

## Kwa nini tunateleza

Kiswahili kimetudekeza. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Ukiongeza kiambishi nyuma, mkazo unasogea wenyewe bila kuulizwa. Maneno yanayokataa ni ya kuhesabu. Maarufu ni barabara, kwani kwenye ba-ra-BA-ra hupita magari, na ba-RA-ba-ra husifu jambo lililokaa sawasawa.

Kiingereza hakina kiti kimoja cha mkazo. Unaweza kuukuta mwanzo, katikati au mwisho kabisa. Sisi tunaingia na sheria yetu ileile: hos-PI-tal, ve-ge-TA-ble, de-ve-LOP-ment. Wenye lugha wanasema HOS-pi-tal, VEGE-ta-ble, de-VEL-op-ment. Wengi hudhani tatizo ni lafudhi, wanajitesa bure kuiga sauti za puani. Lafudhi haina neno. Mskoti, Mwairishi na Mmarekani kila mmoja ana yake. Kinachovuruga ni mkazo kuhama, kwa kuwa msikilizaji wa Kiingereza hutegemea sana silabi nzito kulitambua neno, na ukimpa nzito isiyo yenyewe anaanza kutafuta neno jingine kabisa.

Nafuu yetu ni kwamba katika maneno marefu ya Kiingereza mkazo nao huhesabiwa kutoka nyuma, kama kwetu. Tofauti ni moja: kwetu mkia wowote hutoa jibu lilelile, kwao kila mkia una jibu lake. Mikia yenyewe si mingi, na ukishaijua, neno ambalo hujawahi kuliona maishani utaliweka mkazo mahali pake mara nyingi kuliko kukosea.

Katika mifano yote, vistari vinatenganisha silabi na herufi kubwa zinaonyesha penye mkazo.

## Hatua ya kwanza: hesabu silabi kwa sikio, usihesabu kwa macho

Silabi moja ni mlio mmoja wa irabu. Weka kiganja chini ya kidevu, tamka neno taratibu. Kila kidevu kinaposhuka, hesabu moja. *Strengths* ina herufi tisa na silabi moja tu. *Area* ina herufi nne na silabi tatu.

Hatari yetu ya kwanza ni kuongeza irabu. Silabi za Kiswahili hupenda kuishia na irabu, ndiyo maana tukikopa neno tunalivalisha: tiketi, baisikeli, hospitali. Kwa Kiswahili hilo ni sahihi kabisa. Ukiwa ndani ya Kiingereza liache. *Ticket* ina silabi mbili, ukisema tatu umekopa neno katikati ya safari.

Hatari ya pili ni kuamini maandishi. Hapa waliotutangulia walikuwa na masikio makali kuliko sisi tuliosoma. Angalia risiti, kabati, nimonia na saikolojia: yote manne yametoka kwenye maneno ambayo kwa maandishi yana p, na Kiswahili hakikuichukua p hata moja, kwa sababu haisikiki. Aliyeleta kabati alisikiliza. Anayesema “kap-bodi” leo anasoma herufi.

Mambo machache ya kukumbuka unapohesabu:

- E ya mwisho kwa kawaida ni bubu. *Complete* ni silabi mbili. *Determine* ni tatu, de-TER-mine, na kipande cha mwisho kinasikika “min”, wala si “main” kama inavyosikika kwenye mikutano yetu mingi.
- Mkia *-ed* huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d. *Needed* na *wanted* ni mbili mbili. *Walked* na *played* ni moja moja. *Walked* inaishia kwa sauti ya t.
- Kuna silabi zisizo na irabu, na hapa Mswahili ana faida. M ya “mtu” ni silabi kamili inayosimama peke yake. Ndivyo ilivyo l ya *bottle*, n ya *button* na m ya *rhythm*. Usiseme “boto” wala “botoli”: ulimi ukifika kwenye l, ubaki hapo.
- Maneno ya kila siku yamelika kwa matumizi. *Wednesday* na *business* ni silabi mbili, *vegetable* na *comfortable* ni tatu. *Chocolate* wengi huisema kwa mbili, *interesting* kwa tatu. Haya hayana kanuni nzuri, ni ya kukariri.

Nukta zinazokata neno katika kamusi za Kimarekani ziliwekwa hasa kuonyesha mahali mchapaji anapoweza kulivunja neno mwisho wa mstari. Mara nyingi zinalingana na silabi za mdomoni, lakini si kila mara, kwa hiyo usizifanye msahafu.

## Hatua ya pili: uangalie mkia kabla ya kitu kingine

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, nami nitakaa hapa muda mrefu.

Ukikutana na neno refu, usianze kulisoma mbele. Ruka hadi mwisho, tazama mkia, kisha uamue mkazo unakaa wapi, ndipo urudi mwanzo kulitamka. Jicho linafanya kazi hii kwa nukta ya sekunde likishazoea. Mikia nimeigawa kwa tabia zake.

Mikia inayovuta mkazo mpaka mlangoni pake. Mkazo hukaa kwenye silabi iliyo mbele ya mkia, bila kujali neno lina urefu gani. Mkubwa wao ni *-tion* pamoja na ndugu yake *-sion*: ed-u-CA-tion, ex-am-i-NA-tion, de-CI-sion, qual-i-fi-CA-tion. Mkia huu ni silabi moja, inayosikika kama “shn” au “zhn”, hakuna “ti-oni”. Na neno likiishia na *-ation*, ile a karibu kila mara ndiyo yenye mkazo na husikika “ei”. Kwa kanuni hii moja umepata mamia ya maneno ya ofisini na darasani.

Wa pili ni *-ic* na *-ical*: e-co-NOM-ic, sci-en-TIF-ic, his-TOR-i-cal. Waasi wapo, na mmoja wao unatuhusu: *Arabic* ni AR-a-bic. Wengine ni *politics*, *Catholic*, *rhetoric*, na *arithmetic* likiwa jina la somo la hesabu, a-RITH-me-tic.

Wa tatu ni *-ity*: a-BIL-i-ty, u-ni-VER-si-ty, e-lec-TRIC-i-ty. Sikiliza neno linavyogeuka: *responsible* ni re-SPON-si-ble, ukiligeuza jina linakuwa re-spon-si-BIL-i-ty. Mkazo umeruka silabi mbili.

Halafu kuna kundi la *-ian*, *-ial*, *-ious*, *-eous*: mu-SI-cian, of-FI-cial, re-LI-gious, cou-RA-geous. *Canada* ni CAN-a-da, lakini mwananchi wake ni ca-NA-di-an. *Tanzanian* halitusumbui, kwa sababu mkazo wa *Tanzania* tayari uko penye *ni*, kwetu na kwao.

Mikia inayohesabu tatu. *-logy*, *-graphy*, *-cracy*, *-nomy* na *-pathy* huweka mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, ge-OG-ra-phy, de-MOC-ra-cy, e-CON-o-my, SYM-pa-thy. Vitenzi vya *-ate* na *-fy* vyenye silabi tatu au zaidi nao hufuata njia hiyo: com-MU-ni-cate, par-TIC-i-pate, i-DEN-ti-fy. Vipimo vinavyoishia na *-meter* pia: ther-MOM-e-ter, ba-ROM-e-ter. *Kilometre* lina watu wake wanaosema KIL-o-me-tre na wengine ki-LOM-e-tre, na kamusi zinawakubali wote, kwa hiyo usigombane na mtu.

Mikia yenye ubinafsi. Michache hujichukulia mkazo yenyewe: *-ee*, *-eer*, *-ese*. Ref-u-GEE, em-ploy-EE, vol-un-TEER, Jap-a-NESE. Neno injinia lilikuja na mkazo wake ukiwa mahali pazuri, in-ji-NI-a, kama en-gi-NEER. Angalia *committee* tu, ambalo ni com-MIT-tee, na *coffee*, ambalo ni COF-fee.

Mikia mipole. Hii huingia na kutoka bila kugusa kitu: *-ness*, *-less*, *-ful*, *-ly*, *-er*, *-ing*, *-ship*, *-hood*, *-ment*, *-ist*, *-ism*, *-ize*. Tafuta neno la ndani, uliweke mkazo, kisha ubandike mkia. GOV-ern, GOV-ern-ment. De-VEL-op, de-VEL-op-ment, de-VEL-op-er. CHAR-ac-ter, CHAR-ac-ter-ize. Kosa letu la “develop” linatokea hapa: tunauona mkia mpole, tunausogeza mkazo Kiswahili-Kiswahili. *-able* nayo kwa kawaida ni mpole, re-LY ikawa re-LI-a-ble, ingawa ina vichwa ngumu vitatu vya kukariri: AD-mi-ra-ble, COM-pa-ra-ble na PREF-er-a-ble. Na upande wa *-ment* mwasi mashuhuri ni *advertisement*, nitalirudia chini.

Tabia hizi zina historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na wakubwa. Baadaye wasomi nao wakamimina Kilatini na Kigiriki. Mikia kama *-ness*, *-less*, *-ful*, *-ship* na *-hood* ni ya wenyeji, imo katika Kiingereza tangu zamani, na hiyo haigusi mkazo. Mikia kama *-tion*, *-ity*, *-ic* na *-logy* imekuja na wageni, na wageni walikuja na hesabu yao. *-ee* ni ya Kifaransa, lugha inayopenda kukaza mwisho. Kwa hiyo ukishindwa kukumbuka mkia uko kundi gani, jiulize: neno hili ni la kijijini au la kitabuni? *Kindness* na *friendship* ni ya kijijini. *Electrification* ni la kitabuni.

Ili mkono uzoee, soma familia hizi kwa sauti, mstari kwa mstari, na usisogee mpaka usikie mkazo ukihama:

- DEM-o-crat, de-MOC-ra-cy, dem-o-CRAT-ic
- POL-i-tics, po-LIT-i-cal, pol-i-TI-cian
- PHO-to-graph, pho-TOG-ra-pher, pho-to-GRAPH-ic

Mistari hiyo mitatu inafundisha zaidi ya orodha ya kanuni. Anayeisoma vizuri ameelewa.

## Hatua ya tatu: kichwa na mzizi, kwa ajili ya maana

Mkia ukishakupa mkazo, vipande vya mbele vinakupa maana. Hapa sisi tuko nyumbani, kwa hiyo sitakaa sana. Mizizi mingi ya maneno ya kitaaluma ni ya Kilatini au Kigiriki na hurudia-rudia: *port* kubeba, *struct* kujenga, *spect* kutazama, *dict* kusema, *script* kuandika, *rupt* kupasuka, *graph* kuandika, *photo* nuru, *tele* mbali, *bio* uhai. *Transport* ni kubeba kuvuka. *Interrupt* ni kupasua katikati. *Predict* ni kusema kabla. *Photosynthesis* ni nuru na kuunganisha pamoja, na waliobuni usanisinuru walifuata njia hiyohiyo, usanisi na nuru, wakageuza mpangilio tu.

Kiambishi cha kukanusha *in-* hubadilika umbo kwa kufuata jirani yake: *impossible*, *illegal*, *irregular*. Tusishangae. N ya nomino zetu nayo hufanya hivyo, ndiyo maana tunasema nyumba mbaya, na -refu ikawa nguo ndefu.

Tahadhari tatu. Si kila mwanzo unaofanana na kiambishi ni kiambishi: *uncle* haina *un-* ya kukanusha. Si kila *in-* inakanusha: *inflammable* ni kitu kinachoshika moto haraka, na anayedhani kinyume anaweza kuunguza bohari. Na vipande havikatiki kila mara pale jicho linapotaka. *Helicopter* si *heli* na *copter*. Ni *helico*, yaani mzunguko wa parafujo, na *pter*, bawa, ileile inayoonekana kwenye jina la mtambaazi wa kale aliyeruka, *pterodactyl*. Maana na silabi hukata neno mahali tofauti, hel-i-cop-ter, na hakuna ubaya. Hata kwetu “andikia” ni andik-i-a kwa mofimu, yaani vipande vya maana, na a-ndi-ki-a kwa silabi.

## Hatua ya nne: zilegeze silabi zilizobaki

Watu wengi huishia kwenye mkazo, wakadhani wamemaliza. Wanaipiga silabi nzito kwa nguvu na nyingine zote wanazipa haki sawa, kila irabu wazi kama ya Kiswahili. Matokeo yake neno linasikika kama linasomwa kwenye gwaride.

Kwa Kiswahili a ni a popote ilipo. Kwa Kiingereza, irabu isiyo na mkazo hulegea ikawa mlio mfupi usio na rangi, mdomo haufunguki wala haufungiki, kama mtu anayeguna kabla ya kujibu. Ndiyo sauti inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha hiyo, na katika alama za matamshi huandikwa kama e iliyopinduliwa: ə. *Banana* ina a tatu kwa maandishi. Mdomoni ni moja tu iliyo kamili, ya katikati, ba-NA-na. Ya kwanza na ya tatu ni miguno. *Photograph* na *photography* zinatofautiana si kwa mkazo peke yake: silabi ya kwanza ya neno la kwanza ni “fou” kamili, ya neno la pili imeyeyuka.

Zoezi lake ni kugonga meza. Gonga kwa silabi nzito tu, na zilizobaki zibanane katikati ya mapigo. de-VEL-op-ment: pigo moja. Ukijikuta unagonga mara nne, bado uko Kiswahilini.

Maneno marefu sana huwa na mkazo mdogo wa kusaidia, silabi mbili au zaidi kabla ya ule mkubwa. Ed-u-CA-tion ina mkazo mdogo kwenye *ed*. Pro-nun-ci-A-tion unao kwenye *nun*, na ni *nun*, si *noun*, ingawa kitenzi chake ni *pronounce*. Kosa hili hata wenye lugha wanalifanya sana.

Kuna jozi za maneno mafupi ambazo mkazo peke yake huamua kama ni nomino au kitenzi. Nomino hukaza mbele, kitenzi hukaza nyuma: REC-ord na re-CORD, PER-mit na per-MIT, IM-port na im-PORT, CON-tract na con-TRACT. Anayefanya kazi bandarini au mahakamani hizi azijue kwa moyo.

## Hatua ya tano: lijenge kutoka nyuma

Mbinu hii hutumiwa na walimu wa lugha, nami sijaona iliyo bora kwa neno linalokataa kutoka. Badala ya kuanza mwanzo na kukwama katikati, anza na silabi ya mwisho, ongeza moja mbele, kisha moja tena. Kila mara unapoongeza unaelekea mahali ulimi ulipokwisha kupita, kwa hiyo pumzi haiishi njiani.

Chukua *internationalization*. Lina herufi 20, na watu wa kompyuta wamechoka kuliandika wakalifupisha kuwa i18n, maana kati ya i ya mwanzo na n ya mwisho kuna herufi 18. Mkia ni *-ation*, kwa hiyo mkazo uko penye *za*:

-tion
ZA-tion
i-ZA-tion
al-i-ZA-tion
na-tion-al-i-ZA-tion
in-ter-na-tion-al-i-ZA-tion

Silabi nane. Mkazo mdogo uko kwenye *na*, kumbukumbu ya *nation* iliyozikwa ndani.

Lingine la hospitali: *otorhinolaryngology*, idara ya masikio, pua na koo. *Oto* ni sikio. *Rhino* ni pua, ndiyo ileile ya *rhinoceros*, kifaru, ambaye kwa Kigiriki ni pembe-puani. *Laryngo* ni zoloto, na *-logy* ni elimu. Mkia ni *-logy*, hesabu tatu: GOL-o-gy. Ryn-GOL-o-gy. La-ryn-GOL-o-gy. Bandika rhi-no, kisha o-to. Silabi tisa, na madaktari wenyewe wanapendelea kusema ENT, kifupi cha *ear, nose and throat*.

Ukitaka kujifurahisha, lipo neno la herufi 45 ambalo kamusi kubwa za Kiingereza zimelipokea: *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha Wamarekani wapenda mafumbo ya maneno, kwa lengo hasa la kuwa refu. Linadai kuwa ugonjwa wa mapafu wa kuvuta vumbi laini la silika la volkano. P ya mwanzo bubu, silabi 19, na mkia ni *-osis*, ambao mkazo wake huwa kwenye *o*: co-ni-O-sis. Nalitaja kwa sababu linakatika kwa kanuni zilezile za *tuberculosis*, tu-ber-cu-LO-sis.

## Hatua ya sita: kamusi, na utasoma alama gani

Kamusi zote nzuri za Kiingereza mtandaoni zina kitufe cha sauti. Kibonyeze, lakini baada ya kukisia mwenyewe. Ukisikiliza kwanza hujifunzi kanuni, unakariri neno moja. Alama ya mkazo ni kistari kidogo cha juu, ˈ, na katika kamusi za Oxford na Cambridge kinawekwa kabla ya silabi nzito. Kistari cha chini, ˌ, ni mkazo mdogo. Kuna kamusi za Kimarekani, kama American Heritage, zinazoweka alama baada ya silabi. Angalia utaratibu wa kamusi yako mapema, la sivyo utakaza jirani.

Chagua pia ni Kiingereza cha wapi. Mwingereza anasema la-BOR-a-to-ry, Mmarekani LAB-o-ra-to-ry. Mwingereza ad-VER-tise-ment, Mmarekani wengi wao ad-ver-TISE-ment, na wote wawili kitenzi chao ni AD-ver-tise. Afrika Mashariki shule zetu zimefuata upande wa Uingereza, lakini filamu na video zinatuvuta upande wa pili. Upande wowote ni sawa. Kuchanganya ndani ya hotuba moja ndiko kunakosikika vibaya.

## Jipime

Funika sehemu ya chini, tafuta mkia wa kila neno, weka mkazo, kisha ulitamke: *characteristic*, *democratization*, *employability*, *gynaecologist*, *entrepreneur*, *parliamentary*.

Majibu:

char-ac-ter-IS-tic, silabi tano. Mkia *-ic*. *Ch* yake husikika k.

de-moc-ra-ti-ZA-tion, silabi sita. Mkia *-ation*.

em-ploy-a-BIL-i-ty, silabi sita. *-able* ilikuwa mpole mpaka *-ity* ilipokuja.

gy-nae-COL-o-gist, silabi tano. *-ist* ni mpole, hivyo mkazo umebaki pale *-logy* ilipouweka.

en-tre-pre-NEUR, silabi nne. Mkia wa Kifaransa, umejichukulia.

par-lia-MEN-ta-ry, silabi tano, na wengine huzibana zikawa nne. Bunge lenyewe ni PAR-lia-ment, silabi tatu, i yake haisikiki. Ila mkia wa *-mentary* huvuta mkazo kwenye *men*, kama ulivyo kwenye *elementary* na *documentary*.